Naomba ushauri: Handel na Haydn, nianze na yupi?

Habari zenu wakuu. Nataka kuwaeleza wanakwaya wenzangu tofauti ya watunzi wawili wa muziki wa kwaya na okestra: Handel wa enzi ya Baroko na Haydn wa enzi ya Klasiki iliyofuata. Handel alitunga Messiah mwaka 1741. Haydn alizisikia kazi za Handel London mwaka 1791, baadaye akatunga Creation (Uumbaji), iliyoimbwa Vienna mwaka 1798. Humo, pale kwaya inapoimba “ikawa” kwa sauti ya chini, halafu kwenye “nuru” okestra nzima inalipuka kwa ufunguo wa C meja, mwili hunisisimka. Handel naye, hasa kwenye Haleluya ya Messiah, anapenda sauti zifukuzane, moja ikiingia nyingine inajibu. Wengi wetu hatusomi nota. Niwasikilizishe vipande gani kwanza? Na hiyo Haleluya waliyoizoea itawasaidia au itawachanganya?