Mrejesho: Bati la ubavuni la kempa kuukuu (gari au trela lenye chumba cha kulala) lililoachia

Wakuu, ahsanteni. Niliuliza kama bati la alumini linalopigapiga ubavuni linahitaji skrubu za kuongezea tu. Hapana! Ukibandua ukanda wa pembeni unaofunika ukingo wa bati, mbao za fremu zinamegeka kwa ncha ya bisibisi; skrubu haina pa kung'ata. Maji yalipenya kwenye kiungio cha paa, kwa hiyo hapo ndipo pa kuziba kwanza.

Mbao iliyooza imekatwa mpaka kwenye ngumu, ikaungwa ubao wa inchi mbili kwa mbili wenye dawa. Skrubu ni za stenlesi, maana za chuma cha kawaida huliwa upesi na hewa ya chumvi ya Dar. Chini ya ukanda umepita utepe wa butili (mpira laini unaonata wa kuzuia maji). Silikoni huweza kubanduka kwenye alumini baada ya muda.

Masika msifunge bati: mbao ikifungiwa na unyevu itaoza tena.