Juisi ya choya yenye viungo: kuchemsha au kuloweka? Nimejaribu zote mbili

Mama Iliki, Dodoma
Wapendwa, habari za jioni. Miaka yote nachemsha kila kitu pamoja kama nilivyofundishwa nyumbani: choya (rosella, ile nyekundu inayokaushwa), tangawizi, karafuu, mdalasini, nusu saa jikoni, nachuja, natia sukari. Jumamosi nikapima njia mbili sambamba. Kila upande choya kavu vikombe 2, maji lita 2, tangawizi kama kidole gumba, karafuu 6, iliki 5, kijiti 1 cha mdalasini.

Ya kuchemsha ilitoka nzito, wekundu wa kuelekea kahawia, ukali unakamata meno, na ina utelezi kwa mbali kama wa bamia. Ya kulowekwa kwa maji baridi usiku kucha kwenye friji ilitoka nyekundu safi, nyepesi, unahisi choya yenyewe. Ila viungo havikutoka: karafuu unainusa tu, tangawizi hata haisikiki. Nataka ya kufuturisha wageni. Ninyi mnafanyaje?

Mzee wa Karafuu, Pemba
Mwanangu, tenganisha. Mdalasini ni gome, tangawizi ni ngumu, hivyo vinataka moto. Choya ni laini, rangi yake inatoka hata kwa maji baridi. Chemsha viungo peke yake dakika 15, na ufunike sufuria, maana harufu ya karafuu imo kwenye mafuta yake na ukiacha wazi inaondoka na mvuke. Epua, acha ipoe, ndipo umimine juu ya choya. Iliki ipasue ganda tu, uitie ukishaepua.

Binti Juisi, Mwanza
Shikamoo mzee. Mimi nauza, na kuchemsha siachi. Lakini nusu saa ni nyingi mno, dada! Ikishaanza kutokota nahesabu dakika 5, naepua. Choya ile ile inanipa chupa nyingi zaidi kwa sababu inatoka kali, naiongeza maji yaliyochemshwa.

Na kuna usalama. Choya inaanikwa nje juu ya turubai, vumbi linaingia. Maji baridi hayaui kitu. Niliwahi kuuza ya kuloweka, kesho yake wateja wakifungua chupa zinatoa povu. Nilirudisha hela za watu wote.

Msafiri, Muscat
Huku nimeinywa kwa rafiki zangu Wasudani, wao wanaiita karkade na waliniwekea ya kulowekwa, bila kiungo chochote, sukari tu. Wanigeria zobo yao wanachemsha, wanatia tangawizi, karafuu, na wengine maganda ya nanasi. Naona mwenye viungo vingi hawezi kukwepa jiko.

Jiko la Bibi, Tanga
Jamani hakuna aliyegusia sufuria. Mimi nilichemshia kwenye ya aluminiamu, imeshakuwa nyeusi ndani kwa miaka. Nilipomimina juisi nikakuta mpaka ilipofika inang'aa kama mpya. Nilifurahi, kumbe ile asidi imeikwangua na tumeinywa! Tumieni ya stili au ya enameli, na kulowekea tumieni bakuli la kioo.

Mama Iliki, kama kati ya wageni wapo wanaomeza dawa za presha, waambie ni choya kabla hujawamiminia. Inashusha presha, kwa hiyo waulize daktari wao kwanza.

Mama Iliki, Dodoma
Ahsanteni sana. Nimefanya leo. Choya niliisuuza upesi (ukichelewa rangi inaondoka na maji), mchanga ukabaki chini ya bakuli. Viungo nikachemsha dakika 15 kama alivyosema mzee. Ila kwa hofu ya Binti Juisi sikusubiri ipoe: nilimimina juu ya choya inafuka moshi, nikafunika dakika 20, nikachuja kwa kitambaa cha pamba bila kukamua. Nikikamua ndipo utelezi unapotoka.

Rangi imebaki nyekundu, tangawizi inafika kooni, karafuu inakuja nyuma yake. Sukari nimetia nusu kikombe. Ile ya nusu saa ilikula kikombe kizima na bado watoto walikunja uso. Hii ndiyo nitakayowapa wageni.

Choya iliyobaki kwenye kitambaa sikuitupa, nimeirudisha jikoni na sukari, inatokota sasa hivi iwe jamu ya mkate.