Naomba ushauri: kukokotoa kasi ya vumbi la volkano linaloshuka kutoka stratosfia (tabaka la anga lililo juu ya lile la mawingu)

Wakuu, naomba msaada kwa anayeijua fizikia ya chembe ndogo angani. Hesabu ni ya chembe ya mikroni 1 (sehemu ya elfu ya milimita) kwa kipenyo, densiti kilo 2,000 kwa mita ya ujazo, ikishuka kutoka kilomita 30.

Fomula ya Stokes, ya kasi ya chembe ndogo inayoshuka hewani, peke yake inapotosha huko juu. Hewa ya kilomita 30 ni nyepesi mno: molekuli husafiri mikroni 4 na zaidi kabla ya kugongana, kwa hiyo chembe inapenya katikati ya molekuli hizo. Ukiweka kizidisho cha Cunningham, kinachorekebisha fomula hiyo kwa hewa nyepesi, kama 15 hivi, kasi inafika milimita 1.1 kwa sekunde, karibu mita 97 kwa siku. Kwenye kilomita 20 kizidisho ni 3.7 tu na kasi inabaki milimita 0.28 kwa sekunde. Usawa wa bahari, chembe hiyohiyo hushuka mita 5 au 6 kwa siku.

Hapo kilomita 20 ndipo pagumu. Katika tropiki hewa yenyewe hupanda polepole, kwa kasi inayokaribia hiyo 0.28, na chembe inaelea tu bila kushuka. Je, kwa mlipuko wa Pinatubo, volkano ya Ufilipino, wa Juni 1991, nitumie wastani wa mwezi wa upepo wima, au nibadilishe kila siku?

Pia majivu ni vipande bapa vyenye ncha, si duara. Nigawanye kasi kwa kigezo gani cha umbo?