Teksi za mtandaoni au kazi huria: wapi muda wa kusubiri unamgharimu zaidi mfanyakazi?

Dereva wa Usiku: Wanajukwaa, salaam. Nimeendesha teksi ya mtandaoni kwa muda mrefu, na sasa nafikiria kuhamia kazi huria ya tafsiri. Kote tunaambiwa kwamba tunajiajiri. Ningependa tulinganishe muda usiolipwa, kwa sababu kilichonichosha mimi si kuendesha gari bali kukaa ndani yake nikisubiri simu ilie.

Kalamu Huria: Ndugu, huku kusubiri hakuonekani kwa urahisi, lakini kupo. Kule kwenu programu hupanga nauli na kukupa sekunde chache za kukubali safari. Huku unataja bei mwenyewe, ingawa kwa kweli bei hiyo huwa imekwisha kushushwa na waombaji wengine wa kazi ileile. Upwork, jukwaa la mtandaoni la kutafutia kazi huria, humtaka mwombaji atumie pointi ambazo zikimwishia huzinunua, kwa hiyo anaweza kulipia hata maombi yasiyojibiwa. Fiverr, jukwaa jingine la kazi huria, haina mtindo huo, ila hukata asilimia 20 ya malipo ya muuzaji.

Msoma Hukumu: Suala la muda lilijadiliwa kwa kina na Mahakama ya Juu ya Uingereza, ambayo tarehe 19 Februari 2021 iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua shauri hilo walikuwa wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo, na kwamba saa zao za kazi zilijumuisha muda waliokuwa wameingia kwenye programu wakiwa tayari kupokea safari. Majaji walitazama nani anapanga nauli, nani anaandika masharti, na nani anazuia dereva asijenge uhusiano na abiria. Kipimo hicho cha mwisho kinawagusa hata nyinyi wa kazi huria: Upwork hukataza kumhamishia mteja nje ya jukwaa kwa miaka miwili, isipokuwa kwa kulipia ada.

Dereva wa Usiku: Na kufungiwa akaunti je? Huku niliwahi kufungiwa siku tatu, na kila nilipoandika kulalamika nilijibiwa na mashine.

Kalamu Huria: Hapo hatupishani sana, na pengine sisi tunaumia zaidi, kwa kuwa nyota na maoni ya wateja hayahamishiki; akaunti ikifungwa unaanza upya kama mgeni.

Msoma Hukumu: Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 agizo linalotaka uamuzi wa kusimamisha au kufunga akaunti ufanywe na binadamu, iwe kazi ni ya barabarani au ya kompyuta. Nchi wanachama zimepewa hadi tarehe 2 Desemba 2026 kuliingiza katika sheria zao.

Dereva wa Usiku: Nashukuru. Basi sitaacha gari kwa sasa. Nitatenga saa mbili kila asubuhi za kuandika maombi ya tafsiri, na nitaziandika daftarini kama saa za kazi, ili mwisho wa mwezi nigawanye mapato kwa saa zote, za gari na za kalamu, kusubiri kukiwemo.