The Orioles: nani waliimba mwaka 1948, na nani mwaka 1953?

TenaWaPili
Wakuu, habari za leo. Mimi ni mwalimu wa kwaya, nikisikiliza kundi lolote sikio linakimbilia sauti za chini kwanza. Siku hizi nawasikiliza sana The Orioles, kundi la waimbaji wa Baltimore, Marekani. Kwenye "It's Too Soon to Know" ya 1948 anaongoza Sonny Til, halafu katikati anaingia mwanamume mwenye sauti nzito zaidi, anaimba kipande kifupi, kisha Til anapokea tena. Kwenye "Crying in the Chapel" ya 1953 huyo bwana simsikii. Alikwenda wapi? Na mpiga gitaa ni yule yule?

MzeeWaSanturi
Mwalimu, sikio lako halikukudanganya. Huyo ni George Nelson, baritoni (sauti ya kati ya kiume). Kundi lilianza kwa jina la Vibra-Naires, baadaye wakachukua jina la oriole, ndege aliye nembo ya jimbo lao la Maryland. Mwaka 1948 walikuwa Til, Nelson, Alexander Sharp kwenye tena ya juu (sauti ya juu ya kiume), Johnny Reed besi (sauti ya chini kabisa), na Tommy Gaither na gitaa lake. Wimbo wenyewe aliutunga meneja wao, Deborah Chessler, binti wa hapo hapo Baltimore.

Gitaa si la mtu yule yule. Novemba 1950 walipata ajali ya gari wakiwa safarini. Gaither akafariki, Nelson na Reed wakaumia. Gitaa akalishika Ralph Williams. Wengi wakisimulia habari za kundi hili huyamaliza haya kwa sentensi moja, na mimi huniuma. Rekodi ya 1948 ina vyombo vichache mno, vinapigwa polepole, na kila Til anapovuta pumzi unasikia nyuzi za Gaither. Bila kijana yule wimbo ungekuwa mwingine.

Nelson alitoka mwaka 1953, akaingia Gregory Carroll kutoka The Four Buddies, nao wa Baltimore. Kwa hiyo kwenye "Crying in the Chapel" anayeongoza bado ni Til, ila kwenye nafasi ya Nelson yupo Carroll.

Mpenzi_wa_Besi
Sasa mzee wangu, kama Gaither hayupo na Nelson hayupo, hao wa 1953 tuwaite Orioles kweli?

MzeeWaSanturi
Tuwaite, mwanangu. Til, Sharp na Reed walikuwa bado wapo, na watu watatu waliozoeana pumzi wanatosha kumfundisha mgeni. Wimbo huo ulishika namba 1 kwenye chati ya rhythm and blues na ukapanda hadi namba 11 upande wa pop. Mpaka wangu mimi ni mwaka 1955. Wenzake Til wa zamani walikuwa wameachana naye, akalichukua kundi zima lililokuwa likiitwa The Regals, akawapa jina la Orioles. Waliimba vizuri sana, siwapunguzii sifa, ila yale mapatano ya sauti ya mwanzo yalikuwa yamekwisha.

TenaWaPili
Shukrani sana, mzee. Nataka vijana wangu wa tena wasikie kundi la kwanza kabla ya ajali. Niwape wimbo gani?

MzeeWaSanturi
Wape "Tell Me So" ya 1949. Waambie wamwache Til kidogo, wafuate ile falseto (sauti nyembamba ya juu kupita sauti ya kawaida ya mwanamume) isiyo na maneno inayopita juu yake tangu mwanzo. Huyo ni Sharp.