Mifereji ya ioni puani: kwa nini hatunusi mazuku?

Mwalimu wa Biolojia (Goma)

Ndugu wasomaji, ninafundisha biolojia katika shule ya sekondari hapa Goma, na tumefika kwenye somo la hisi ya kunusa. Nilipokuwa nikieleza kwamba harufu hugeuzwa kuwa umeme kwa msaada wa mifereji ya ioni, yaani njia ndogo za kupitisha chembe zenye chaji ya umeme, iliyomo katika utando wa seli, mwanafunzi mmoja anayetoka upande wa Bulengo aliuliza jambo ambalo sikutaka kulijibu kwa haraka: ikiwa pua ya mtu ina mamia ya aina za vipokezi, yaani protini zinazoshika molekuli za harufu, kwa nini haina hata kimoja cha kututahadharisha na mazuku? Watoto wa mji huu wanajua vizuri kwamba gesi hiyo, ambayo kwa sehemu kubwa ni kaboni dioksidi itokayo ardhini, hutuama katika mabonde na mashimo ya lava kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, na kwamba huua mbuzi, mbwa na watu bila kuonekana wala kunuka.

Swali la pili ni langu mwenyewe. Nimesoma kwamba ioni za kloridi husaidia kuiamsha seli ya kunusa. Lakini kloridi ina chaji hasi, na katika ubongo tunafundisha kwamba kufunguka kwa mifereji ya kloridi huituliza seli. Iweje puani mambo yawe kinyume?

Mwanafiziolojia (Lubumbashi)

Mwalimu, niruhusu nianze na swali lako la pili, kwa sababu jibu lake linaandaa njia ya lile la mwanafunzi.

Molekuli ya harufu ikiingia puani huyeyuka kwanza katika ute, kisha hufika kwenye silia, yaani vinywele vyembamba sana vya seli ya neva vilivyolala ndani ya ute huo. Hapo hukutana na kipokezi. Jeni za vipokezi hivi zilielezwa na Linda Buck na Richard Axel mwaka 1991, na kazi hiyo ikawapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Panya ana zaidi ya jeni 1,000 za aina hiyo zinazofanya kazi, na mtu ana takriban 400. Kwa wanyama wenye uti wa mgongo, kipokezi chenyewe si mfereji. Kazi yake ni kuamsha protini iliyo upande wa ndani, nayo huamsha kimeng'enya kinachotengeneza AMP duara, molekuli ndogo inayopeleka ujumbe ndani ya seli, na ni AMP duara hiyo inayoufungua mfereji wa kwanza kutoka ndani ya seli. Mfereji huo ulielezwa na Nakamura na Gold mwaka 1987. Umeundwa kwa vipande vinne vya protini, viwili kati yake vikiwa vya aina iitwayo CNGA2, na hupitisha sodiamu na kalsiamu kuingia ndani. Umuhimu wake ulidhihirika mwaka 1996, watafiti walipozalisha panya wasio na CNGA2: hawakunusa, na wengi wao walikufa siku chache baada ya kuzaliwa kwa sababu kitoto cha panya hutafuta titi la mama yake kwa harufu.

Sasa tufike kwenye kloridi. Kalsiamu iliyoingia hufungua mfereji wa pili, uitwao anoktamini 2, ambao hupitisha kloridi. Mwelekeo ambao ioni itafuata hautokani na chaji yake peke yake. Unategemea pia wingi wake ndani na nje ya seli. Neva nyingi za ubongo uliokomaa huitoa kloridi nje kwa bidii, kwa hiyo mfereji ukifunguka, kloridi huingia na seli hutulia. Seli ya kunusa hufanya kinyume chake: ina protini iitwayo NKCC1, ambayo kila mara huingiza sodiamu moja, potasiamu moja na kloridi mbili, hata seli ikawa na akiba kubwa ya kloridi. Mfereji ukifunguka, kloridi hutoka. Chaji hasi inapoondoka ndani, matokeo ya umeme ni sawa kabisa na chaji chanya kuingia, na seli huamka. Kwa panya, sehemu kubwa ya mkondo wa umeme katika silia, hadi asilimia 80 au 90, hubebwa na kloridi. Mimi naona hapa ndipo penye uzuri wa somo hili, na ningekuomba usilipite haraka darasani: seli hii imejitengenezea akiba yake mwenyewe, kwa hiyo haitegemei sana chumvi ya ute ulio nje, ambayo hubadilika kila mara.

Ni haki pia wanafunzi waambiwe kwamba kloridi hukuza ishara lakini haiishikilii peke yake. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba panya wasio na anoktamini 2 walikuwa na mwitikio wa umeme uliopungua puani, na bado waliweza kutofautisha harufu. Ukiondoa mfereji wa kwanza, harufu yote hupotea. Ukiondoa wa pili, ishara hudhoofika tu.

Mwanabiolojia (Bukavu)

Ninaungana na Mwanafiziolojia, na ninapenda kulijibu swali la mwanafunzi, kwa maana ni swali zito kwa sisi tunaoishi kando ya Ziwa Kivu.

Mfereji wa ioni haujui lolote kuhusu hewa. Hufunguka tu pale hatua zote zinazoutangulia zinapokuwa kamili. Panya ana kundi dogo la seli za kunusa zilizo tofauti na zile zilizoelezwa hapo juu. Ndani yake kimeng'enya kimoja huunganisha kaboni dioksidi na maji na kuigeuza kuwa bikaboneti. Bikaboneti huchochea kimeng'enya cha pili, kiitwacho GC-D, ambacho hutengeneza GMP duara, molekuli ya ujumbe inayofanana na AMP duara. Na GMP duara hufungua mfereji wenye protini ya CNGA3. Kwa njia hii, kama ilivyoonyeshwa mwaka 2007, panya hutambua kaboni dioksidi katika kiwango kinachozidi kidogo tu kile cha hewa ya kawaida.

Mtu amepoteza hatua ya katikati. Jeni ya GC-D bado imo katika urithi wetu, ila imeharibika na haitoi protini inayofanya kazi. Protini ya mfereji, CNGA3, hatukuipoteza: tunayo katika jicho, ndani ya seli zinazotuwezesha kuona rangi, na wanaozaliwa na hitilafu kubwa katika jeni yake hawazioni rangi. Kwa hiyo mwambie kijana wako kwamba mfereji wa kutambua gesi hii tunao mwilini, lakini puani hakuna kinachoufungua.

Kuna jambo moja la kuongeza. Kaboni dioksidi ikiwa nyingi sana huchoma pua, kama vile mtu anapocheua gesi ya limonadi. Hiyo haihesabiwi kuwa harufu. Gesi hugeuka asidi ndani ya neva ya hisi za uso, na asidi hiyo hufungua mfereji uitwao TRPA1, uleule unaofunguliwa na haradali. Nasisitiza kwamba mchomo huo hauwezi kutegemewa kama tahadhari, kwa kuwa kiwango cha asilimia 10 tayari kinaweza kumpotezea mtu fahamu, na pua huchomwa kwa kiwango kinachozidi hapo kwa mbali.

Muuguzi (Goma)

Ninawashukuru nyote wawili, na nataka kusema jambo kwa ajili ya familia. Nimesikia wazazi wakisema kwamba penye hatari pananuka kiberiti, na pasiponuka mtoto anaweza kucheza. Imani hiyo inaweza kuua. Harufu kali ya moshi wa volkano ya Nyiragongo hutokana na salfa dioksidi, na gesi hiyo kutokuwepo hakuthibitishi kwamba kaboni dioksidi haipo. Hata gesi zenye harufu hazitabiriki: hidrojeni salfidi hunuka kama yai bovu ikiwa kidogo, na ikiwa nyingi huizima hisi ya kunusa. Mtoto mdogo yumo hatarini zaidi kwa sababu kichwa chake kiko karibu na ardhi, na gesi hii hukaa chini. Akianguka shimoni, asiingie mtu kumfuata bila vifaa vya kupumulia, kwa maana anayeingia kuokoa huanguka vilevile.

Ningependa pia kumuuliza Mwanafiziolojia: kwa nini mtu akikaa mahali penye harufu huacha kuisikia?

Mwanafiziolojia (Lubumbashi)

Dada Muuguzi, sehemu ya jibu iko katika kalsiamu ileile. Ikishaingia, hushikamana na protini iitwayo kalmodulini, na kwa pamoja huufanya mfereji wa kwanza uhitaji AMP duara nyingi zaidi ili ubaki wazi. Wakati huohuo, kibadilishaji kiitwacho NCKX4, protini ya kubadilishana ioni, huitoa kalsiamu nje ili seli irudi katika hali ya utulivu. Sehemu nyingine ya mazoea hayo hutokea katika ubongo wenyewe.

Mwalimu wa Biolojia (Goma)

Nimeelewa, na nitaligawa somo katika vipindi viwili. Limebaki swali moja ambalo najua litaulizwa: mbu humfuata mtu kwa pumzi yake, ambayo ina kaboni dioksidi. Je, naye ana kimeng'enya hicho cha panya?

Mwanabiolojia (Bukavu)

La, Mwalimu, mbu amepita njia nyingine kabisa. Vipokezi vyake vya kaboni dioksidi viko kwenye vipapasio vilivyo karibu na mdomo, na ni vya familia ya vipokezi vya ladha vya wadudu. Kwa harufu nyingine, kama zile za jasho, wadudu hutumia kipokezi kilichoungana na protini iitwayo Orco, na mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba muungano huo wenyewe ni mfereji wa ioni: molekuli ya harufu ikishikamana nao, hufunguka papo hapo bila kuhitaji mlolongo mrefu wa vimeng'enya. Ukiweza, chora ubaoni silia ya mtu upande mmoja na unywele wa kipapasio cha mbu upande wa pili, kisha uwaombe wanafunzi wahesabu hatua zilizopo kati ya molekuli na mfereji katika kila mchoro.