Fuvu la Kalenga: je, makumbusho yaeleze kwamba wapo wanaotilia shaka kama ni la Mkwawa?

Chaki_Nyeupe: Wakuu, habari za jioni. Nimetoka Kalenga na wanafunzi wa kidato cha pili. Fuvu la Chifu Mkwawa lipo ndani ya kioo, watoto wamelitazama kwa adabu zote, mpaka mmoja akauliza, "Walijuaje kuwa ni lake?" Historia tunaijua. Mtwa, yaani chifu kwa Wahehe, alijipiga risasi Julai 1898 kule Mlambalasi ili asishikwe, Mjerumani akakata kichwa. Mkataba wa Versailles wa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kifungu cha 246, ukaamuru kirudishwe ndani ya miezi sita. Wajerumani wakasema hawakijui. Miaka ya 50 Gavana Twining wa Tanganyika akaenda Bremen, Ujerumani, kwenye rundo la mafuvu ya makumbusho, akachagua moja kwa kupima urefu na upana na kulinganisha na vichwa vya watu wa ukoo, tena lenye tundu la risasi. Hoja yangu: haya yote yaandikwe wazi pale pale kwenye kioo, pamoja na kwamba wapo wanahistoria wasioridhika na vipimo vile. Au tutakuwa tunamvunjia mzee heshima? Tujadili bila matusi.

Ngoja_Ngoja: Ngoja wenye fuvu waje.

Mutwa_wa_Kalenga: Tumekuja. Mleta mada, Juni 1954 lile fuvu lilipokelewa na Chifu Adam Sapi, mjukuu kabisa, huyo huyo aliyekuja kuwa Spika wa Bunge miaka na miaka. Wazee walikuwepo, ukoo ulikuwepo. Leo mwalimu wa kidato cha pili ndiye anajua zaidi ya mjukuu?

Chaki_Nyeupe: Kidato cha pili kimeingiaje hapa? Nina shahada ya historia, mkuu, na nimefundisha mpaka kidato cha sita. Jibu hoja.

Mutwa_wa_Kalenga: Shahada haizai ukoo.

Kalamu_Nyekundu: Mnaliacha la msingi. Jiulizeni kwa nini 1954. Jirani Kenya Mau Mau imepamba moto, halafu gavana wa Kiingereza ghafla anashikwa na huruma ya fuvu la Mhehe lililokaa ughaibuni zaidi ya miaka 50? Alitaka Wahehe watulie upande wake. Mtu mwenye haja kubwa namna hiyo ya kurudi na fuvu hawezi kurudi mikono mitupu. Mimi kwenye kioo ningeandika hilo kwanza, vipimo baadaye.

Nyundo_Imevunjika: Muingereza hakumpenda Mkwawa, lakini ukweli ubaki: Mkwawa alimlaza kamanda wa Kijerumani Zelewski pale Lugalo 1894 na jeshi lake lote. Hilo halina utata.

Kalamu_Nyekundu: Lugalo ni Agosti 1891. 1894 ndiyo ngome ya Kalenga ilipoanguka. Na si jeshi lote, wapo waliokimbia.

Nyundo_Imevunjika: Tarehe haziliwi. Zelewski alikufa au hakufa?

Mngoni_Halisi: Watani zangu Wahehe, poleni na mjadala. Ushauri wa bure: kabla ya kuwasumbua wanahistoria, hakikisheni kwanza si la mbwa. Ninavyowajua, yawezekana mlimla mkasahau.

Mutwa_wa_Kalenga: MODS MPO? Huyu anamtukana shujaa wa taifa! Wewe mla panya, baba zako tuliwanyoosha mpaka leo mnatuita watani. Hapa tunazungumzia maiti ya mtu!

Mngoni_Halisi: Povu la nini, mtani? Na nani aliwaambia maiti haitaniwi? Mtani ndiye anayelala kaburini akadai alipwe ndipo mzike. Ningekuwepo 1954 msingeliingiza hilo fuvu ndani bila kunipa kuku.

Bibi_wa_Mafinga: Hapo Mngoni yuko sahihi kwa mila. Msiba wa Mhehe, mtani anavaa nguo za marehemu, anaiga kikohozi chake, na hakuna wa kumgusa. Lakini huo ni utani wa uso kwa uso, na mtani anabeba jeneza pia, anachimba na kaburi. Kutania umejificha nyuma ya simu ni uhuni tu.

Mngoni_Halisi: Kaburi nitachimba, Bibi. Kaburi liko wapi? Mwili Mlambalasi, kichwa kwenye kioo Kalenga. Nichimbe wapi?

Ngoja_Ngoja: 😂 Mhehe kakamatwa.

Binti_Matimila: Nacheka, lakini sisi hata cha kutilia shaka hatuna. Nduna wetu, kiongozi wa Wangoni, Songea Mbano alinyongwa Februari 1906 kwa vita vya Majimaji. Tunaambiwa kichwa kilipelekwa Ujerumani, mpaka leo hakijaonekana. Rais wa Ujerumani Steinmeier alikuja Songea Novemba 2023, akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kukitafuta. Mngoni, punguza kelele, wewe ndiye mwenye msiba.

Kibo_na_Mawenzi: Vinasaba vipo siku hizi. Mwaka huo huo wa 2023 Berlin walitangaza wamepata ndugu walio hai wa mafuvu ya kwetu Kilimanjaro, mojawapo la mtu wa karibu wa Mangi Meli, chifu wetu Wachaga. La Meli mwenyewe, aliyenyongwa Old Moshi 1900, bado halijapatikana. Kalenga ukoo upo na fuvu lipo. Pimeni, mada iishe.

Mutwa_wa_Kalenga: Mchaga kwa kuuza, hata mababu ataweka sokoni.

Kibo_na_Mawenzi: Nimetaja bei wapi?

Mutwa_wa_Kalenga: Haya, tumepima, si lake. Halafu? Mnalirudisha Bremen? Lile litakuwa la babu wa mtu mwingine, kauawa na Mjerumani huyo huyo, sisi tumemtambikia miaka 70. Tumwambie samahani, tulikufananisha, toka kwenye kioo?

Chaki_Nyeupe: Sasa mkuu, ungeanza na hilo tusingefika kwenye panya. Ndiyo maana nataka yaandikwe. Kama si Mtwa, yule naye ana kwao.

Mutwa_wa_Kalenga: Sijakubali chochote. Na kuandika "huenda si yeye" mbele ya watoto sikubali.

Kalamu_Nyekundu: Watoto ndio waliouliza.

Bibi_wa_Mafinga: Mimi sijapenda kioo chenyewe. Mtu anazikwa. Weka picha, weka maelezo, yeye mlaze na mwili wake Mlambalasi.

Nyundo_Imevunjika: Akizikwa watalii watalipia kuona nini?

Bibi_wa_Mafinga: Babu yako.

Msomaji_Kimya: Nimesoma kuanzia juu. Kwa hiyo mbwa mnakula au hamli?